Barua kwa Mwanangu: Mpira Juu ya Kibanda

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini mjukuu wangu, ambaye juzi alitoa gari lake la plastiki chini ya kochi kwa mpini wa ufagio bila kuelekezwa na mtu, alisimama akilia mpira wake ulipokwama juu ya kibanda cha bawabu, ilhali ufagio uleule ulikuwa umeegemezwa ukutani nyuma yake. Unahofia kwamba akili yake ni nzito. Ondoa hofu hiyo.

Suluhisho analo, ila amelihifadhi pamoja na kochi. Hajajifunza kwamba mkono usipofika hutafutwa kitu kirefu. Amejifunza kwamba gari likiingia chini ya kochi, ufagio hulitoa. Hata wakubwa tu hivyo. Mwaka 1980, wanasaikolojia Mary Gick na Keith Holyoak waliwasimulia wanafunzi wa chuo kikuu kisa cha jenerali aliyegawa jeshi lake lipitie barabara nyingi hadi ngomeni, kisha wakawauliza jinsi ya kuua uvimbe kwa miale bila kuunguza nyama inayouzunguka. Jibu ni lilelile: miale hafifu itoke pande nyingi, ikutane kwenye uvimbe. Wengi hawakuona uhusiano wowote mpaka walipodokezewa kwamba kile kisa kingewafaa.

Kinyume chake nacho umenieleza: stima ilipopotea, alizima na kuwasha swichi ya taa mara nyingi, kwa kuwa simu yako ikiganda ndivyo unavyoifufua. Usimcheke. Kibandani hakuona mfanano uliokuwapo, na hapa ameona usiokuwapo. Mimi niliyefundisha madarasa ya chini miaka mingi, kosa hili la pili hunifurahisha zaidi, maana mtoto ameshaanza kulinganisha.

Mwaka 1986, mwanasaikolojia Ann Brown na wenzake waliwasimulia watoto wadogo kisa cha jini aliyekunja zulia lake likawa bomba la kupitishia vito. Watoto waliotaja nani ana shida, anataka nini na nini kinamzuia, walilihamisha suluhisho hilo hadi kwenye kisa kingine kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo usimpe ufagio. Muulize shida ni ipi.

Jumapili alipokuja kwetu, sarafu yake ya shilingi kumi iliviringika nyuma ya friji. Nikamuuliza kinachomzuia ni nini. "Mkono haufiki, Babu." Akanyamaza kidogo, akaenda jikoni, akarudi na mwiko wa ugali wa mama yako. Sarafu ilitoka, lakini mwiko ukamponyoka ukabaki kulekule, na kabla sijasema neno alikuwa ameshakimbilia ufagio.

Baba yako