Choo cha kuhara damu kimejaa seli za usaha, cha kipindupindu hakina: kwa nini?

Swali: Dokta shikamoo, nasoma diploma ya maabara mwaka wa pili. Tulipewa sampuli mbili za choo, moja ya mgonjwa anayeharisha damu na makamasi, nyingine ya mgonjwa wa kipindupindu. Ya kwanza kwenye lenzi ya 40 ilijaa seli za usaha, ya pili karibu hamna kitu, na huyu wa pili ndo alikuwa hoi kabisa. Hizo seli zinatokaje kwenye damu mpaka chooni? Na zinamsaidia mgonjwa au ndo zinamharibia utumbo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na huyo wa kipindupindu maana wake ni mfupi. Bakteria wa kipindupindu haingii ndani ya ukuta wa utumbo, anakaa juu juu anajishikiza kwenye utumbo mwembamba na kuachia sumu, sumu inaingia kwenye seli inapandisha AMP ya mzunguko (kemikali ya kupeleka ishara ndani ya seli), seli inamwaga kloraidi nje na maji yanaifuata, mtu mzima akizidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Lakini utando wenyewe umebaki mzima, hamna kilichochanwa, kwa hiyo seli nyeupe hazijapata sababu ya kuja kwa wingi. Ndo maana mtu anaweza kufa choo chake hakina usaha. Usaha unakwambia ukuta umevamiwa, haukwambii mgonjwa amezidiwa kiasi gani. Haya ni mambo mawili tofauti na watu wengi wanayachanganya, hata waliomaliza shule zamani.

Sasa huyo wa kuhara damu. Nachukulia ni Shigella, bakteria wa kuhara damu, ambaye ndo mfano mzuri kuliko wote, na anatosha kidogo sana kukuangusha, hata bakteria 10 hadi 100 tu. Huyu anashuka hadi utumbo mpana na anapitia kwenye seli zinaitwa seli M, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuonja vilivyomo utumboni na kuvipeleka chini kwa seli za kinga. Chini pale makrofeji, seli ya kinga inayomeza wadudu, anammeza. Kwa bakteria wengine hadithi ingeishia hapo, ila Shigella anatoboa kifuko alichomezewa na anamfanya makrofeji apasuke, na makrofeji akipasuka anamwaga intaleukini-1 na 18, protini za kuita kinga, yaani kengele imeshagongwa. Bakteria akiwa huru huko chini anaingia seli za ukuta kwa upande wa chini na kusambaa kutoka seli moja kwenda jirani, na hizo seli zikishaguswa zinaanza kutoa intaleukini-8 kama mpiga debe wa stendi, na abiria anayeitwa ni nyutrofili, seli nyeupe ya damu ambayo ndo hiyo seli yako ya usaha.

Nyutrofili anakuwa anapita kwenye mshipa mdogo wa damu na mambo yake, anaanza kubiringika ukutani kwa kushikwa shikwa na protini za selektini, halafu anagandishwa kabisa na protini nyingine zinaitwa integrini, anajipenyeza nje ya mshipa, anafuata harufu ya ile intaleukini-8 mpaka chini ya ukuta wa utumbo. Na haishii hapo, anapenya katikati ya seli na seli anatokea upande wa pili kwenye choo, ndo huyo uliyemwona kwenye slaidi. Wakipita wachache ukuta unajifunga nyuma yao. Wakipita kwa maelfu viungio vinalegea, seli zinabanduka, damu inavuja, na hapo ndo unapata choo kidogo kidogo chenye damu na makamasi na mgonjwa anaenda msalani kila saa bila kutoa cha maana.

Kwa hiyo ni msaada au uharibifu? Vyote, ila usinijibu hivyo kwenye mtihani, eleza lini ni kipi. Mwanzoni ni hasara tupu. Miaka ya 1990 timu ya Philippe Sansonetti pale Institut Pasteur, Paris, waliwapa sungura kingamwili inayoziba integrini ili nyutrofili zisiweze kupenya, na Shigella walioingia kwenye ukuta wakapungua, na uharibifu ukapungua pia. Maana yake nyutrofili ndo zinamfungulia mlango. Ila baadaye mambo yanageuka, kwa sababu Shigella anayetoroka kwenye makrofeji hatoroki kwenye nyutrofili, kule kuna enzaimu inaitwa elastasi inayokata kata zile protini zake za kuvamia, na anauawa. Na ukitaka ushahidi kwamba bila nyutrofili nzuri utumbo hauna raha, angalia watoto wanaozaliwa na kasoro ya kimeng'enya cha kutengeneza oksijeni kali ndani ya nyutrofili: wanaugua maambukizi yasiyoisha na si wachache kati yao wanaopata uvimbe wa utumbo mpana unaofanana na ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo).

Makrofeji nao wana sura mbili. Wale wakazi wa kila siku wa utumbo wanameza bakteria kimya kimya bila kelele, intaleukini-10 ndo inawatuliza, na mtoto akizaliwa kipokezi cha hiyo intaleukini-10 hakifanyi kazi anapata uvimbe mkali wa utumbo ndani ya miezi ya mwanzo tu. Wakati wa vita wanakuja monosaiti (makrofeji wachanga) wapya toka kwenye damu, hawa bado hawajatulizwa, wanatoa TNF nyingi, protini ya kuchochea uvimbe. Baadaye kazi kubwa inakuwa usafi, maana nyutrofili anaishi muda mfupi, anakufa na makrofeji anammeza akiwa bado hajapasuka, na kule kummeza kwenyewe kunamgeuza makrofeji aanze kutoa vitulizo. Akichelewa, nyutrofili anapasuka na elastasi yote inamwagikia kwenye ukuta wako.

Sasa la kazini kwako. Ukiona damu nyingi ila seli za usaha chache na zilizosinyaa, fikiria amiba, maana Entamoeba histolytica anaua hizo seli kwa kuzimega vipande vipande zikiwa hai. Ila kuna mtego hapa na nimeona majibu mengi ya "amiba" yametoka kwenye mtego huu: kwenye kuhara damu kwa Shigella makrofeji wanatoka na choo, wakubwa, na wengine wamemeza chembe nyekundu, kwa haraka haraka unamwandika trofozoiti, yaani amiba aliye hai na anayetembea. Mwangalie anavyotembea. Trofozoiti hai anasukuma mguu wake wa uongo kwa kasi kuelekea upande mmoja, makrofeji anakaa tu pale, na kiini chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Ila lazima choo kiwe kimetoka sasa hivi, kipime ndani ya nusu saa, kikishakaa dirishani tangu asubuhi trofozoiti naye haendi popote na hutajua nani ni nani.