Tunakabia juu, lakini mpira mrefu unatumaliza

Swali: Kocha, ninafundisha timu ya vijana hapa Arua. Tunacheza 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu) na tunakabia juu, yaani tunawabana karibu na goli lao, kuanzia kwa kipa wao. Dakika 20 za kwanza tunawabana vizuri, kisha beki wao anapiga mpira mrefu, winga anatupita mgongoni, tunafungwa. Wazee wa klabu wanataka turudi nyuma. Nibadilishe mfumo?

Jibu: Baki na 4-3-3 yako, ndugu kocha. Kabla ya kuwalaumu mabeki, jiulize: yule beki wao alipopiga mpira mrefu, nani alikuwa amemkabili? Nadhani hakuna. Mtu akipata nafasi ya kuinua kichwa na kuchagua, atawaumiza hata mabeki wenye mbio.

Mabeki wako wapande na kushuka kwa kumsoma mwenye mpira. Amebanwa, ameinamia mpira au amewapa mgongo: wapande. Ameinua kichwa na kuvuta mguu nyuma: waanze kurudi hatua mbili tatu kabla hajapiga.

Kumbana kunaanza kwa namba tisa, mshambuliaji wako wa kati, na hapa ndipo timu nyingi za vijana huharibu. Kijana anamkimbilia beki moja kwa moja, beki anampasia mwenzake, na mbio zote zimepotea. Mfundishe akimbie kwa kupinda, akitokea katikati ya mabeki wao wawili, ili mwili wake uzibe pasi ya kwenda upande wa pili. Akibakiza mita mbili apunguze mwendo, asijitupe. Sasa beki amebaki na pasi ya pembeni tu, na huko winga wako anamvizia atakayeipokea: anaondoka pasi ikishatoka mguuni, afike pamoja na mpira. Namba nane, yaani kiungo wako wa upande huo, amchukue kiungo wao wa karibu. Namba sita, kiungo mkabaji, abaki mbele ya mabeki kugombea mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya kugombewa.

Arrigo Sacchi, aliyeinoa AC Milan iliyotwaa Kombe la Ulaya 1989 na 1990, alitaka umbali kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji uwe mita 25 hivi. Watatu wako wa mbele wakienda kukaba peke yao, katikati mnaacha shamba.

Kisha kuna sheria ya kuotea (offside, mshambuliaji kutangulia mgongoni mwa mabeki kabla pasi haijapigwa), ambayo vijana wengi wanaijua nusu. Mchezaji aliye kwenye nusu yake hawezi kuotea, kwa hiyo mabeki wako wakivuka mstari wa kati, mtego wao wa kuotea unaishia kwenye mstari huo. Tena, anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye goli kiki (mpira unaoanzishwa golini) haotei, hata akisimama mgongoni mwao. Kwa hiyo kipa wao akiweka mpira chini, beki mmoja wa kati akae nyuma na huyo winga. Tangu 2019 kipa anaruhusiwa kumpa beki wake ndani ya boksi, yaani eneo la kumi na nane, na ninyi mnasubiri nje mpaka mpira uguswe. Akipiga fupi, furahini: mpira uko mchezoni, kuotea kumerudi, mstari mzima upande.

Kiangazi, uwanja ukiwa mgumu, mpira mrefu hudunda juu ya vichwa vya mabeki. Kipa wako asimame nje ya kumi na nane kila mnapokuwa juu, kama alivyocheza kipa wa Ujerumani, Manuel Neuer, dhidi ya Algeria kwenye Kombe la Dunia 2014.

Kuhusu dakika 20: hakuna timu inayobana dakika zote 90. Subirini ishara, yaani pasi ya kurudi kwa kipa, mpira uliodunda vibaya, au beki aliyepokea akitazama goli lake. Ishara isipokuja, kaeni mstari wa kati mkiwa mmeshikana.

Mazoezini tumia nusu uwanja, washambuliaji na viungo wako sita dhidi ya sita, mabeki wanne nyuma yao. Beki wa kati mmoja apige kelele, “Amebanwa!” wapande wote, “Yuko huru!” washuke wote. Asipotoa sauti, simamisha zoezi na urudie hapo hapo.