Kabla Hujachomoa Flashi: Kwa Wadogo Zangu Mnaoanza Somo la Kompyuta

Wiki iliyopita, katika chumba cha kompyuta cha shule ninayofundisha hapa Kigoma, mwanafunzi wa kidato cha pili alihamisha kazi yake, akainuka, akachomoa flashi huku taa yake ndogo ikiwa bado inapepesa, akaitia mfukoni na kuelekea mlangoni kwa sababu kengele ya chakula ilikuwa imelia. Nilipaza sauti kuliko nilivyokusudia. Darasa zima liligeuka, naye kijana akasimama ananitazama kama mtu aliyefumaniwa akiiba. Tulipoirudisha ile flashi na kuifungua pamoja tulikuta faili lipo kwa jina tu, ukubwa wake sifuri. Sikumgombeza zaidi. Nilikaa naye hadi insha yake ikaandikwa upya, maana kosa hilo nililifanya mimi nikiwa mtu mzima mwenye cheti, na gharama yake waliilipa watu wengine.

Kila mwaka nawaona wanafunzi wakirudia makosa yaleyale, kwa mpangilio uleule, kana kwamba kila kidato huwarithisha wanaokifuata. Nawaandikia ninyi mlioanza mwaka huu ili angalau wachache mkatae urithi huo. Sehemu za kompyuta mmekwisha kuzichora, na ingizo, uchakataji na tokeo mmevikariri, kwa hiyo sitavirudia. Ninachotaka ni kwamba, wakati wowote ukiwa mbele ya mashine, uweze kujibu swali moja bila kusitasita: kazi yangu iko wapi sasa hivi?

1. Kasha si CPU. Mitaani, kwenye steshenari, na hata baadhi yetu walimu, tumezoea kuliita kasha lote la chuma CPU. Katika mazungumzo haidhuru, lakini kwenye mtihani inakupotezea alama na dukani inakupotezea fedha. CPU ni prosesa, kipande kidogo kinachoenea kiganjani, kilichokaa chini ya feni, na kazi yake ni kutekeleza maagizo. RAM, yaani nafasi ya muda ambamo kazi hukaa unapoifanya, na diski, ambamo kazi huhifadhiwa, ni vitu vingine vilivyomo ndani ya kasha hilohilo. Jirani yangu mmoja wa Mwanga alinunua kompyuta ya mtumba kwa kuwa muuzaji alimhakikishia kwamba ina "memori kubwa, GB 500". Hiyo ilikuwa diski. RAM ilikuwa GB 2, na kila alipofungua Word pamoja na kivinjari mashine iliganda, naye akaniita akilalamika kwamba memori imejaa ilhali hajaweka kitu. Nilimpa mfano wa dagaa wa Kibirizi: ghala lako linaweza kuwa kubwa kuliko ya wenzako wote, lakini kama uwanja wa kuanikia ni mdogo, utaanika kidogo kidogo na kazi haitakwenda. Alielewa palepale, kwa sababu mama yake alikuwa muuza dagaa.

2. RAM haisubiri umeme urudi. Ninyi hamkuikuta vizuri Kigoma ya jenereta za dizeli, kabla mkoa haujaunganishwa na gridi ya taifa, enzi ambazo mtu aliyekuwa akichapa barua aliishi kwa kusikiliza. Sisi tulijifunza kubonyeza Ctrl na S, yaani kuhifadhi, kila baada ya aya kwa sababu umeme ulitufundisha. Ninyi mnachapa saa nzima bila kuhifadhi, kisha umeme ukikatika mnaniuliza kama naweza kuirudisha kazi. Mara nyingi siwezi, kwa kuwa ilikuwa kwenye RAM tu na RAM bila umeme haishiki kitu. Na ile UPS, betri inayoshika mashine umeme ukikatika, inapolia si ruhusa ya kumalizia ukurasa. Inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu, basi.

3. Flashi. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu siwezi kulieleza jambo hili kwa kifupi.

Nilikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule nyingine, si hii ya sasa. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulikuwa umesahihishwa, nami nikapewa kazi ya kuingiza alama za wanafunzi 112 kwa masomo tisa. Walimu waliniletea karatasi za alama zilizoandikwa kwa mkono, na kwa siku tatu mfululizo nilibaki ofisini hadi usiku nikizichapa. Usiku wa tatu nilipomaliza, nilifanya mambo ambayo nitayataja moja moja, kwa sababu hakuna hata moja kati yake ambalo peke yake lingeleta msiba. Kwanza, nilizichana karatasi za alama na kuzitupa kwenye shimo la taka, nikiamini kwamba kilichokwisha kuingia kwenye kompyuta hakihitaji karatasi tena. Pili, sikulinakili faili. Nililikata na kulibandika kwenye flashi, ili asitokee mtu wa kulifungua ofisini. Tatu, mstari wa kijani ulipofika mwisho niliichomoa flashi papo hapo bila kuiondoa kwa utaratibu, yaani bila kuiamuru kompyuta iiachilie kwanza, kwa kuwa bodaboda alikuwa ananisubiri nje akipiga honi.

Asubuhi, nikiwa nyumbani, niliichomeka kwenye kompyuta yangu. Ikaandika kwamba ni lazima flashi ifomatiwe, yaani iandaliwe upya kama tupu, kabla ya kutumika, ikaniuliza kama nataka kuifomati. Nikakubali. Nilikubali kwa sababu niliulizwa, na mpaka leo sina maelezo mengine. Flashi ikafunguka nyeupe kabisa. Badala ya kuitoa na kuiweka kando, nilijaza nyimbo za kwaya na filamu moja ili nihakikishe kwamba haijaharibika.

Siku mbili baadaye fundi mmoja wa mjini alinieleza taratibu yale ambayo cheti changu hakikuwa kimenifundisha, au mimi sikuwa nimeyasikia. Unapokata faili na kulibandika kwenye diski nyingine, kompyuta huandika nakala mpya kwanza, kisha huifuta ile ya asili. Mstari wa kijani kujaa si uthibitisho kwamba uandishi umekwisha, kwani baadhi ya data zinaweza kuwa bado zimo kwenye RAM zikingoja kupelekwa, na ukichomoa wakati huo unaweza kuivuruga orodha ambayo flashi huitumia kujua faili gani limekaa wapi. Fomati ya haraka nayo huanzisha orodha mpya tu. Data zenyewe hubaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Fundi aliendesha programu yake ya kurejesha mafaili, na kilichopatikana ni vipande vya majina ya wanafunzi, kwa sababu kwaya na filamu vilikuwa vimekaa juu ya vilivyosalia. Kwenye diski ya ofisini pia kulikuwa na matumaini, lakini kompyuta ile ilikuwa imetumika siku zote mbili. "Ungeacha kuigusa tu," aliniambia, "ungeileta hivyohivyo."

Mkuu wa shule hakunifokea. Aliniagiza niende kwa wanafunzi mmoja mmoja, kwani karatasi zao za majibu walikuwa wamekwisha kurudishiwa, na baadhi ya walimu hawakuwa na kumbukumbu nyingine ya alama. Wengi walizileta. Wengine walikuwa wameziuza pamoja na madaftari ya zamani kwa wauza karanga, nami nilikwenda stendi na kuikuta karatasi ya Kemia imekunjwa pembe, imelowa mafuta, na pembeni mwake, kwa wino mwekundu, 61. Niliinunua ikiwa na karanga zake.

Saba hazikuonekana. Mojawapo ilikuwa ya Fizikia, ya binti ambaye karatasi yake ililoa bwenini paa lilipovuja. Aliniambia alipata 78, nami niliikumbuka, kwa kuwa ilikuwa alama ya juu kuliko zote na nilipoichapa nilisimama kidogo. Nilimweleza hivyo mwalimu wa somo. Akaniuliza kama nazikumbuka na za wale sita wengine. Sikuzikumbuka, na haikuwa haki kumpa mmoja na kuwanyima sita, kwa hiyo wote wakajaziwa wastani wa majaribio yao ya nyuma. Yeye ukawa 54. Alisema, "Sawa, mwalimu," akachukua daftari lake akatoka. Sijawahi kufokewa kwa namna iliyoniuma kuliko ile "sawa".

Basi, wadogo zangu, nakili, usikate. Hakikisha faili linafunguka kwenye flashi kabla hujafuta lolote. Iondoe kwa utaratibu na usubiri taa itulie, hata kama kengele imelia na wali unapakuliwa. Ukiulizwa kama unataka kufomati, jibu ni hapana, kisha mwite mtu. Na kazi ambayo huwezi kuifanya upya iwe na nakala tatu, moja kati yake ikiwa nje ya jengo ulimo, hata ukijitumia kwa barua pepe.

4. Virusi vya shotikati. Mtarudi kutoka steshenari mkute kila folda kwenye flashi imegeuka kuwa shotikati, yaani alama ya njia ya mkato tu, na wengi wenu mtafomati mkidhani kazi imepotea. Kwa kawaida haijapotea, imefichwa. Usibofye hizo shotikati, kwani kuzibofya ndiko kunakokipa kirusi nafasi ya kuhamia kwenye mashine. Iamuru kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, nakili yaliyo yako, kisha safisha flashi kwa antivirusi iliyosasishwa.

5. Majina ya faili. "Document1" si jina. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na mafaili yatajipanga yenyewe.

6. Biti na baiti. Biti ni tarakimu moja, 0 au 1. Baiti moja ni biti nane, na anayepuuza tofauti hiyo atagombana na mtandao bure: kasi ya megabiti 8 kwa sekunde hushusha megabaiti 1 kwa sekunde, kwa hiyo faili la MB 40 linahitaji sekunde 40 hata mambo yote yakienda vizuri. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alitaka kuirudisha dukani flashi ya GB 16 kwa sababu kompyuta ilimwonyesha GB 14.9 tu, akiamini amepunjwa kama mtu aliyeuziwa dumu la mawese lisilojaa. Hakupunjwa. Kiwandani huhesabu kwa 1,000 na Windows huhesabu kwa 1,024. Tulikaa ubaoni tukagawanya bilioni 16 kwa 1,024 mara tatu, na ilipotoka 14.9 alipiga kelele za furaha hadi darasa la jirani likachungulia. Fanyeni hesabu hiyo kwa mkono walau mara moja.

7. Excel hujumlisha namba, si maneno. Mwanafunzi wangu alimtengenezea mama yake hesabu za mauzo ya mawese, na jumla ikawa pungufu kila wiki, mpaka mama akaanza kumshuku msaidizi wake wa dukani. Tulipozifungua tukakuta baadhi ya visanduku vimeandikwa "lita 20". Kwa fomula ya SUM hayo ni maandishi, na huyaruka bila kukuonya. Andika 20, na neno lita liweke kwenye kichwa cha safu. Huyo msaidizi nusura afukuzwe kwa neno moja. Nchi yetu nayo imewahi kuonja hali ya namna hii kwa ukubwa wake: mwaka 1974, miaka mitatu tu baada ya kampuni ya Intel kuanza kuuza prosesa yake ya 4004, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuendesha hesabu zake kwa mashine kwenda vibaya. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini nawaomba msiikariri kama tarehe ya mtihani tu. Jiulizeni mashine zile ziliingiziwa nini, na nani alikagua.

8. Nywila. Usiiandike kwenye kibandiko chini ya kibodi. Tunaangalia hapo wote.

9. Radi. Ngurumo za masika zikianza kusikika kutoka ng'ambo ya ziwa, zima mashine na uchomoe waya ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi. Kama intaneti inaingia kwa kebo, chomoa na kebo hiyo, kwani radi hupita humo pia.

Alhamisi baada ya vipindi nitakuwa chumba cha kompyuta. Njooni na flashi zenu, hata zile mnazodhani zimekufa, ilimradi hamjazifomati. Atakayefika ataniambia kwanza kazi yake imehifadhiwa wapi, na katika nakala ngapi, ndipo tutawasha mashine.