Kioo cha sanruufu kimepasuka: usiguse swichi wala pazia mpaka usafishe

Mkuu, pole sana. Umesema kioo cha sanruufu, yaani lile dirisha la kioo juu ya paa la gari, kimepasuka ukiwa kwenye mwendo, hakuna jiwe wala tawi lililokigonga, pazia la ndani limebeba chenga zote, na fundi anataka apige bati na silikoni yaishe. Yangu ilinipasukia hivyohivyo, jua likiwa kali, kwa mlio mkubwa wa ghafla. Nilikibadilisha kioo mwenyewe, na tangu hapo nimesaidia wenzangu kadhaa wenye gari za aina tofauti. Kwa hiyo nakujibu kwa mapana, kwa sababu naona wengi wanakimbilia kutafuta kioo wakati kinachowagharimu zaidi baadaye ni chenga na maji.

Kwanza kabisa, usibonyeze swichi ya sanruufu. Hata kama fremu imebaki wazi nusu, iache ilivyo. Mota yake huvuta na kusukuma waya mbili ngumu zenye meno, moja kila upande, zinazopita ndani ya mifereji myembamba. Chenga ikiingia humo, waya wa upande mmoja unaweza kukwama au kuruka meno huku wa pili ukiendelea, na kuanzia hapo fremu inakwenda kombo. Kutengeneza hilo kunaweza kumlazimu fundi kushusha dari zima ili kuzitoa reli zote, na hapo bei ya kioo unaisahau. Toa fyuzi ya sanruufu ili asije mtoto au mwosha magari akabonyeza.

Pazia nalo usilifungue. Sasa hivi limekuokoa, limezuia chenga zisikumwagikie usoni. Ukilivuta nyuma, zile zilizolala juu yake zitasombwa na kusukumwa ndani ya reli na nyuma ya dari, mahali ambapo mkono haufiki.

Umeuliza pia kwa nini kipasuke bila kuguswa. Kioo cha sanruufu nyingi ni cha kukazwa kwa joto. Kiwandani hupashwa moto hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa baridi kwa nguvu. Ngozi ya nje inaganda kwanza, kiini kinapopoa baadaye kinajivuta, na matokeo yake ni kwamba nje kunabaki kumebanwa na ndani kunabaki kumevutwa. Hilo linakifanya kiwe na nguvu takriban mara nne ya kioo cha kawaida, ila kikiachia sehemu moja kinaachia chote. Mkwaruzo mdogo ukingoni, uliotokana na kokoto ya miezi iliyopita, unaweza kukaa kimya mpaka siku joto au mtikisiko wa barabara utakapousukuma ufike kwenye kiini. Ule mstari mweusi wa rangi unaozunguka kioo pia umechomwa pamoja nacho, na unakipunguzia nguvu sehemu hiyo. Fremu iliyojikunja au skrubu zilizokazwa kupita kiasi zinaongeza mzigo. Halafu kuna chembe ndogo za nikeli salfaidi ambazo mara chache hunaswa ndani ya kioo wakati wa kutengenezwa. Hizo hubadilika umbo polepole kwa miaka na kuvimba kwa asilimia chache, na zikiwa kwenye kiini zinatosha kukipasua gari likiwa limeegeshwa tu. Kwa hiyo yeyote anayekwambia lazima umekigonga, mwambie si lazima.

Sasa usafi. Hapa ndipo ningekuomba usiwe na haraka hata kidogo. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu nene na barakoa. Kama kuna kioo kilichobaki kimeng'ang'ania kwenye fremu, bandika utepe mpana wa karatasi wenye gundi (masking tape) juu yake chote kabla ya kukigusa, ili kitoke kwa mabamba badala ya kunyesha ndani. Fanya kazi ukiwa juu, kupitia lile tundu la paa. Tumia mashine ya kufyonza vumbi yenye mdomo mwembamba, anza na chenga zilizo juu ya pazia mpaka paonekane kitambaa kitupu. Kisha pita kwenye reli na kwenye mfereji wa maji unaozunguka tundu, mkono mmoja umeshika brashi kavu ya rangi, mwingine umeshika mdomo wa mashine nyuma yake. Hewa ya kompresa usiitumie kabisa. Inarusha chenga machoni, inazipeleka kwenye matundu ya feni ya gari, na inaweza kuchomoa mipira ya kutolea maji iliyoungwa ndani ya nguzo za bodi ya gari.

Grisi ya kwenye reli ndiyo inayohifadhi chenga kuliko kitu kingine chochote. Ifute yote, hata kama inaonekana safi, kwa kitambaa unachokitupa baada ya kila mpigo, kisha weka grisi mpya inayofaa reli za sanruufu. Oili ya injini haifai, inateremka na kuchafua dari.

Ukishamaliza juu, sogeza pazia kwa mkono kiasi cha kiganja, fyonza, sogeza tena, fyonza. Kama pazia lako ni la umeme, liache mpaka fundi anayejua kulisogeza kwa ufunguo alifikie. Chini, kagua mishono ya viti, chini ya mazulia, matundu ya kupitisha hewa, na hasa mikanda. Uvute mkanda wote mpaka mwisho na uufute pande zote mbili, kwa sababu chenga ikiingia kwenye kikunjio chake inaweza kuukata uzi au kuukwamisha. Kiti cha mtoto kikiwa ndani ya gari wakati wa tukio, kitoe nje, vua kitambaa chake na ukikague kila kona. Ukiwa na shaka yoyote, nunua kingine. Mtoto hawezi kukueleza kwamba kuna kitu kinamchoma mgongoni.

Kuna jambo ambalo wenye gari wengi, na hata mafundi, hawalijui: ile raba ya kuzunguka kioo haikuwekwa izuie maji yote. Maji kidogo hupita pembeni yake kwa makusudi, yanaangukia kwenye mfereji, halafu yanashuka kwa mipira myembamba ambayo kwa kawaida iko minne, miwili mbele ikipita ndani ya nguzo za kioo cha mbele na miwili nyuma, na kutokea chini ya gari. Chenga zikiziba midomo ya mipira hiyo, kioo chako kipya kitakaa vizuri kabisa na bado siku ya mvua utakuta zulia limelowa. Baadhi ya magari yana masanduku ya umeme chini ya zulia au chini ya viti, na hayapendi maji. Kwa hiyo kabla hata ya kununua kioo, mimina maji kidogo, kikombe kimoja tu, kwenye kila kona ya mfereji na uangalie chini ya gari kama yanatoka. Yasipotoka, ingiza uzi laini wa nailoni kama ule wa mashine ya kukatia nyasi, taratibu, mpaka njia ifunguke. Waya wa chuma unatoboa mpira, na mpira uliotobolewa ndani ya nguzo ni balaa kuupata.

Wakati unasubiri kioo, gari linaweza kutembea, mradi umelisafisha na umelifunika vizuri. Plastiki nene, iliyo pana kuliko tundu kwa kila upande, ndiyo inayofaa. Utepe wa karatasi wa wapaka rangi utangulie kwenye paa, kisha ule utepe mgumu wa kitambaa (duct tape) upigwe juu yake, vinginevyo siku ya kubandua utaondoka na rangi. Anza kubandika nyuma, umalizie mbele, ili ukingo wa mbele uwe na tabaka nyingi zaidi, maana ndiko upepo unakoingilia. Endesha polepole na vioo vya milango vikiwa vimefungwa. Upepo unaopita juu ya paa unaifyonza plastiki kwenda juu, na ukifungua dirisha unaisukuma pia kutoka ndani. Barabara ya mwendo kasi iepuke.

Kutafuta kioo, nenda na namba ya chesisi, usiende na jina la gari pekee. Gari la jina moja na mwaka mmoja linaweza kuwa na mapaa ya aina mbili au tatu. Angalia pia maandishi madogo kwenye vipande vilivyobaki. E ndani ya duara pamoja na 43R ni alama ya kanuni namba 43 ya Umoja wa Mataifa inayohusu vioo vya magari, na kwa soko la Marekani AS3 ni daraja la vioo vyeusi visivyoruhusiwa kwenye kioo cha mbele. Mara nyingi huandikwa pia Tempered kwa kioo cha kukazwa, au Laminated kwa kile cha tabaka mbili zenye utando katikati. Nunua aina ileile iliyotoka. Uzito na unene vikibadilika, mota na mikono ya kunyanyulia ndivyo vitakavyoteseka.

Kioo cha mtumba kutoka gari lililovunjwa si kibaya, mimi ndicho nilichoweka. Ila kipitishe kidole ukingoni kote, ukiwa na glavu. Kikiwa na pengo dogo hata kama punje ya mchele, kiache hapohapo, kwa sababu ile ndiyo mbegu ya mpasuko unaofuata. Raba isiwe imekauka au kunywea kwenye kona, na fremu ya chini uilaze mezani uone kama haichezi.

Kabla ya kulipa, kama una bima kubwa (comprehensive), isome. Baadhi ya bima zinahesabu sanruufu ndani ya vioo, nyingine zinaitoa, na tofauti hiyo inaonekana kwenye kiasi utakachokatwa. Piga picha kabla hujasafisha chochote.

Kufunga kwenyewe kunategemea aina. Kioo kinachotembea, mara nyingi, kinakuja na fremu yake na raba yake, na kinashikwa na skrubu chache za kichwa cha nyota kila upande zinazoonekana ukivua vifuniko vya pembeni ukiwa umekaa ndani. Hicho mtu makini anaweza kukifunga mwenyewe akiwa na msaidizi wa kukishika juu. Kaza skrubu kwa kushika tu, sawazisha, ndipo umalizie, bila kutumia nguvu nyingi. Kusawazisha ndiko kunakotaka subira: ukingo wa mbele uwe sawa na paa au chini yake kwa kiasi kisichozidi milimita 1, na wa nyuma uwe sawa au juu kidogo kwa kiasi hichohicho. Mbele ikiwa juu, upepo utaipiga na utasikia mluzi kila ukikimbia.

Kioo kisichotembea, kama kile cha nyuma kwenye mapaa ya kioo kizima, kimegandishwa kwa gundi ya poliyurethani kama kioo cha mbele. Hicho nakushauri umpe fundi wa vioo. Kuna kukata gundi ya zamani bila kuchuna rangi, kuna praima (dawa inayopakwa kwanza ili gundi ishike), na kuna muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye gundi kabla gari halijatembea. Muda huo uheshimiwe hata kama fundi ana haraka.

Baada ya kufunga kile kinachotembea, rudisha fyuzi, kisha mota inahitaji kufundishwa upya mwanzo na mwisho wake. Kwenye magari mengi unashikilia swichi bila kuachia mpaka kioo kizunguke safari nzima na kusimama chenyewe, lakini utaratibu kamili uko kwenye kitabu cha gari lako. Usipofanya hivyo, ule mfumo unaozuia kubana vidole unaweza kukirudisha kioo kila kinapokaribia kufunga, nawe utadhani mota imekufa.

Sasa hilo la bati na silikoni. Mimi pia niliambiwa hivyo na gereji ya kwanza niliyoenda, nikakataa, na naomba nawe ukatae. Silikoni ikizungushwa kwenye mfereji inaziba njia ileile ya maji niliyoieleza, na siku itakapopata ufa, maji hayatakuwa na pa kwenda ila kwenye dari. Bati likipigwa ripiti (riveti), kila tundu ni mwanzo wa kutu kwenye paa. Na pembeni mwa dari magari mengi yana eabegi za pazia, yaani mifuko ya hewa inayoshuka pembeni kukinga kichwa wakati wa ajali, pamoja na waya zake, si mahali pa kuchimba kwa kubahatisha. Kama kweli huitaki tena sanruufu, mtafute fundi bodi akukatie paneli ya bati yenye umbo la kioo, aifunge juu ya fremu ileile kwa skrubu zilezile, na raba yake, mfereji na mipira ikiachwa huru. Hapo utakuwa umebadilisha kioo peke yake, na ukija kupata kioo baadaye utakirudisha bila kugusa kitu kingine.