Nilikwenda kupima presha, nikaulizwa kama nalala usiku

SWALI: Shikamoo mama. Nauza dagaa Kirumba Mwaloni na nahudhuria kliniki ya presha. Mwezi uliopita nesi alipomaliza kunipima akaanza maswali mengine: unapata usingizi? Umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Huwa unaona heri ufe? Wenzangu wapo kwenye benchi wanasikia. Nikajibu hapana kwa yote. Mama, si kweli. Tangu mume wangu azame ziwani upande wa Ukerewe, usiku nakesha, moyo unakwenda mbio, na dawa za presha nameza nikikumbuka. Je, wameniona kichaa? Naogopa kupelekwa Mirembe.
Mjane, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana kwa msiba.

Nianze na lile swali la kifo, maana hukuniambia ni yapi kati ya majibu yako hayakuwa ya kweli. Kama wazo hilo linakujia, usingoje tarehe ya kliniki. Mwambie leo ndugu unayemwamini alale nawe nyumbani, dawa zako akutunzie yeye, na mwende pamoja hospitali iliyo karibu. Ukizidiwa usiku, nendeni usiku huohuo. Huko hawatakushangaa.

Hujaonwa kichaa. Kwa ulivyoyaeleza, hayo yanafanana na maswali tisa yanayotumika kliniki nyingi duniani kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Yanahusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, mhudumu anatakiwa akae nawe akusikilize zaidi, na hata chini ya hapo lile swali la kifo halipitwi. Mirembe ni hospitali kubwa ya afya ya akili, iko Dodoma, na mtu hapelekwi huko kwa kukosa usingizi. Wengi hutibiwa wakiwa kwao, wakiendelea na biashara zao.

Ila kuulizwa mbele ya benchi, hapo umeonewa, na nasema hivyo nikiwa muuguzi mstaafu. Swali la namna hiyo linaulizwa mlango ukiwa umefungwa. Mtu gani atasema analia usiku huku jirani yake wa kizimba anasikiliza? Una haki ya kusema, "Nesi, naomba tuzungumzie ndani."

Miaka niliyokaa kliniki hapa Mwanza, wanawake hawakuja wakisema wana huzuni. Walisema kichwa kinawaka moto, moyo unadunda, mwili hauna nguvu. Tukapima malaria, tukatoa Panadol, wakarudi na maneno yaleyale. Ndiyo maana nafurahi maswali haya yakiulizwa palepale penye mashine ya presha. Wazo lenyewe lina umri: nchi yetu ilianza kuingiza huduma za akili kwenye zahanati na vituo vya afya miaka ya 1980, kwa majaribio Morogoro na Kilimanjaro. Zimbabwe nako, tangu 2006, kina bibi waliofundishwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakazungumza nao tatizo moja moja hadi lipatiwe njia.

Sasa angalia dawa zako. Unameza ukikumbuka kwa sababu hulali na moyo umechoka. Usipomeza, presha inapanda. Moyo ukienda mbio unazidi kuogopa. Daktari asiyejua habari ya mumeo ataona presha haishuki, akuongezee dozi ya dawa ambayo humezi.

Rudi, mwanangu, wiki hii. Mwambie nesi, "Siku ile nilijibu mbele za watu, leo nataka kujibu upya." Wapime na damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi vizuri navyo huleta uchovu na mawazo. Huenda wakakupangia mazungumzo tu. Wakikupa dawa ya sonona, haileti nafuu siku moja: huchukua kama wiki mbili hadi nne, na huachi mwenyewe ghafla. Nyingine hugusa presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo beba pakiti za dawa zako zote, hata ile ya mitishamba ukiwa nayo, uziweke mezani kwa daktari mmoja.