Re: Nimepewa ofa ya bunduki ya zamani ya kuwindia, ni Mauser kweli?

Mkuu kwa hayo maelezo yako, mbao imeenda hadi mdomo wa mtutu, mkono wa bolti (chuma unachovuta kupakia risasi) ni bapa, halafu magazini (sehemu ya kuwekea risasi) ina kitu kinazunguka ndani, mimi naona hiyo siyo Mauser ya Mjerumani, ni Mannlicher-Schönauer ya Austria. Vuta bolti ucheki chuma cha nyuma, kama kimepasuliwa juu mkono unapita katikati basi muuzaji kakudanganya au hajui anachouza. Juu ya chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) tafuta neno Steyr, jina la kiwanda, na namba kama 1903, 1905 au 1908, hiyo ni modeli, siyo mwaka iliotengenezwa. Ya 1903 inakula risasi ya 6.5x54 (unene na urefu wa ganda kwa milimita), ndogo hivyo hivyo ila yule Bell wa Karamoja, mwindaji wa tembo wa zamani, alipigia tembo nayo, risasi yake ndefu inazama balaa! 1905 ni 9x56, sasa usije ukachanganya, fundi apime chemba kwanza maana nyingine zilishabadilishwa mtutu. Na kama mwenye bunduki alishafariki, leseni yake huwezi kuirithi, nendeni na familia polisi kabla hujatoa hata mia.