Kupima kichujio cha seccomp bila kupita namba bilioni 4

Kaka, umeandika kitanzi cha kupima kichujio chako cha seccomp, yaani kinga ya Linux inayoamua programu iruhusiwe miito gani ya keneli (kiini cha mfumo), kila mwito na namba yake. Kitanzi hicho kinachopita namba zote za biti 32 kitamaliza LUKU bure. Pita 0 hadi 1023 moja moja. Miito yote halali ya x86_64 (prosesa za Intel na AMD za biti 64) imo humo, pamoja na namba zisizotumika. Kuanzia hapo ruka: kila kipeo cha 2 na jirani zake wawili, hadi 0xffffffff. Kihesabu kiwe cha biti 64, kwa sababu cha uint32_t kikifika mwisho kinarudi sifuri na kitanzi hakikomi.

Biti ya 0x40000000 ni ya x32, yaani programu za x86_64 zinazotumia anwani za biti 32. Ipime pamoja na namba ndogo: kwenye orodha ya kukataa, mwito uliouzuia huweza kupenyea hapo. Usanifu (aina ya prosesa ambayo mwito umeandikiwa) nao ukaguliwe kabla ya namba, maana 11 ni munmap (kuachia kumbukumbu) kwenye x86_64 lakini ni execve (kuendesha programu nyingine) kwenye i386, ya biti 32.

Namba usiyoijua irudishie kosa la ENOSYS (mwito haupo), si EPERM (huna ruhusa). Ukiipa clone3 (435), mwito mpya wa kuanzisha nyuzi, EPERM, glibc (maktaba ya C ya Linux) hairudi kwenye clone, mwito wa zamani, na nyuzi hazianzi. Hilo husumbua kuliko yote.

Uamuzi wa kichujio ukokotoe ndani ya programu, bila kuita keneli. Vinginevyo 231, yaani exit_group (mwito wa kufunga programu), itazima jaribio lenyewe.